Kikao cha Alhamisi: glavu kabla ya kufunga tumbo

Wenzangu wa thieta ya upasuaji, hamjambo? Alhamisi saa kumi na mbili jioni, palepale Ngara, tunasoma utafiti wa ChEETAh uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2022. Usomeni kabla, hata kama ni ndani ya matatu.

Jambo lenyewe: kabla ya kufunga ukuta wa tumbo, timu iliyo mezani inabadilisha glavu na kushika vifaa vingine safi. Basi. Hospitali 81, nchi 7, Rwanda na Ghana zikiwemo, wagonjwa zaidi ya 13,000. Waliohudumiwa kama kawaida, asilimia 18.9 walipata maambukizi ya kidonda; waliobadilishiwa, 16.0. Wa dharura walikuwemo.

Juzi nilimfungua bandeji mama wa apendeksi iliyopasuka, siku ya tano. Chachi ilitoka imelowa usaha, naye akaniuliza polepole, "Sista, nitaenda nyumbani lini?" Sikuwa na jibu.

Mimi naona tutenge mkasi, vibanio na kishikio cha sindano vya kufungia mapema, kabla tumbo halijafunguliwa. Lakini usiku, seti ya vifaa ikiwa moja? Kila mtu aje amehesabu seti za kwake.