Teja wa kwenye hadithi anakufa haraka mno

Mhariri,

Mimi ni msomaji wa riwaya tangu shule ya msingi, na ni dada wa mtu aliyebwia unga miaka tisa. Ndiyo maana nawaomba waandishi wetu watuandikie teja ninayemjua mimi.

Teja wa kwenye hadithi hana muda. Sura ya pili kaonjeshwa na marafiki, ya nne kaiba, ya sita kaokotwa mtaroni, mama analia, hadithi imekwisha. Kwetu Majengo, hapa Moshi, haikuwa hivyo. Kaka yangu alikuwa fundi seremala. Vitu viliondoka kimoja kimoja: randa, kisha msumeno, kisha mtungi wa gesi wa mama, na gesi yake ndani. Kila mara alikuwa na maelezo, na tuliyaamini, maana alikuwa bado mtu wetu, anacheka na watoto, anamchotea mama maji. Mama akazoea kulala na mkoba chini ya mto. Siku moja nilimkuta jikoni mchana kweupe anakaanga vitunguu, mkoba kaubana kwapani. Kwangu mimi nyumba ilibomoka hapo, na hapakuwa na msiba wowote.

Halafu arosto, yale mateso ya mwili unapoukosa unga. Wengi wanaandika kama vile aliyerudia unga hana haya tu. Nusu siku haijaisha tangu kete ya mwisho, mtu anapiga miayo, machozi na kamasi vinamtoka, vinyweleo vimemsimama. Kisha tumbo linamwendesha na viungo vinauma. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Huyo hatafuti starehe tena, anatafuta aweze kusimama. Liandikeni hilo.

Na mwandikeni anayerudi. Methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto ili mtu aachane na unga, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Mtu anakwenda kila siku, anakunywa dawa yake mbele ya mhudumu, anaondoka. Foleni ile ya asubuhi sijaikuta katika riwaya yoyote. Kaka yangu alihamia Dar es Salaam kwa ajili ya dawa hiyo. Desemba, watu wote wa huku wanaporudi nyumbani, yeye hakuweza kuja kwa sababu ya dozi, mama akamfuata. Aliporudi hakunisimulia mengi. Alisema tu kwamba pale stendi ya Mbezi, kabla ya kupanda basi, alikwenda chooni, na mkoba akamwachia kaka amshikie.

Msomaji wako,
Majengo, Moshi