Mikutano ya elimu jumuishi isiishie kwenye matangazo

Ndugu Mhariri,

Uandikishaji wa watoto wa awali na darasa la kwanza unapokaribia, vijiji vingi vya wilaya za Bahi, Chamwino na Chemba mkoani Dodoma huitisha mikutano ya wazazi. Suala la elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, huwekwa mwisho wa ajenda. Mtendaji anasoma tangazo, watu wanapiga makofi, mahudhurio yanasainiwa. Mzazi aliyemficha mtoto ndani anarudi nyumbani bila kusema neno. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo, Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 umeshaandikwa. Tunachokosa ni mazungumzo yenyewe.

Kosa la kwanza ni kuuliza hadharani, "Nani ana mtoto mwenye ulemavu?" Hakuna atakayenyoosha mkono. Mama wa mtoto huyo mara nyingi ameshalaumiwa na ukoo wa mume. Hawezi kujieleza mbele ya wakwe zake. Mwenyekiti wa kitongoji na mwalimu wapite kwanza nyumba kwa nyumba, wazungumze na familia faragha. Siku ya kikao, watu wagawanywe makundi ya sita hadi wanane: wanawake peke yao, wanaume peke yao, na watoto, wakiwemo wenye ulemavu, wawe na kundi lao. Viongozi waseme mwisho. Mwenyekiti akitangulia kutoa msimamo, waliobaki wataunga mkono tu.

Swali nalo liwe la kushikika. "Mna maoni gani kuhusu elimu jumuishi?" huzaa kimya, na mwezeshaji asiye na subira hujijibu mwenyewe. Chukueni majivu, mchore chini njia ya kutoka nyumbani hadi darasani, kisha ulizeni: mtoto asiyeona, au anayetumia kiti mwendo, atakwama wapi kwanza? Wekeni kokoto kila penye kikwazo: korongo linalojaa masika, ngazi, mlango, dawati, choo. Njia hii haimtengi asiyejua kusoma, tofauti na bango kitita, yale makaratasi makubwa ya kuandikia mbele ya kikao. Asiyeona aelezwe kwa sauti kila kinachochorwa, aguse zile kokoto.

Hapo vipimo vinakuja vyenyewe. Sakafu iliyoinuka sentimita 30 inahitaji mteremko wa kupandia wenye urefu wa mita 3.6, yaani sehemu 12 za urefu kwa kila sehemu moja ya kimo. Mafundi wengi huishia mita moja ili kubana saruji. Kiti hurudi nyuma au kupinduka, na mteremko unabaki wa kupigia picha. Mlango uwe na upana wa sentimita 90. Chini ya mteremko pasawazishwe na kushindiliwa, la sivyo magurudumu yatazama kwenye mchanga wetu huu wa Dodoma kabla mtoto hajapanda.

Mkalimani wa lugha ya alama atafutwe mapema na alipwe. Kumtumia ndugu wa mtoto kiziwi humfanya huyo ndugu amsemee. Kwa Wasandawe wa Chemba, na penye wazee wasiozoea Kiswahili, makundi yaongee lugha ya nyumbani.

Kikao kifanyike Agosti au Septemba, mavuno yakiwa ndani, siku isiyo ya mnada, na kisichukue zaidi ya muda wa saa mbili na nusu. Kimalizike kwa karatasi ya safu tatu: jambo, mhusika, tarehe. Mawe, mchanga na nguvukazi ni vya kijiji. Mwalimu wa elimu maalumu na mashine ya nukta nundu, maandishi ya wasioona, ni vya kuombwa halmashauri kwa maandishi, na nakala ibaki kwa kamati ya shule. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Karatasi hiyo isomwe pale, mstari kwa mstari, na kila mhusika ajibu.

Tunaziomba halmashauri za mkoa huu zitenge fedha za wakalimani na za kuwafundisha wawezeshaji wa vijiji katika bajeti ijayo, na maofisa elimu kata wadai karatasi ya safu tatu badala ya orodha ya mahudhurio.

Wawezeshaji wa elimu jumuishi,
Dodoma