Handikapu yako si wastani wako: mchezaji wa wikendi ana uwezo gani hasa?

Mteja mpya akija kwetu, mara nyingi neno lake la kwanza huwa ni hili: "Kocha, gofu yangu imeharibika." Tunaomba kadi zake, tunazipitia pamoja, na mara nyingi tunakuta mchezo wake uko palepale ulipokuwa mwaka jana. Kilichoharibika ni kipimo anachojipimia. Amejiwekea kiwango ambacho hajawahi kukifikia kwa mfululizo, kisha kila Jumamosi anarudi nyumbani amekunja uso. Sisi tunafundisha gofu na kurekebisha fimbo hapa Dar es Salaam, na tunaamini mchezaji wa wikendi anastahili kuujua uwezo wake halisi kabla hajauziwa somo hata moja.

Tuanze na handikapu, yaani idadi ya mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Tangu mwaka 2020 dunia ilianza kutumia mfumo mmoja ulioandaliwa na R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, ukachukua nafasi ya mifumo sita iliyokuwa ikitumika sehemu mbalimbali. Mfumo huu hutazama mizunguko yako 20 ya mwisho, huchagua 8 iliyo bora kwa kuzingatia ugumu wa kiwanja, halafu hutafuta wastani wa hiyo minane. Ile 12 iliyobaki haiingii kwenye hesabu. Kwa hiyo handikapu 18 inaeleza siku zako nzuri. Siku za kawaida haizigusi kabisa.

Ndiyo maana mchezaji hufikia handikapu yake takriban mara moja katika kila mizunguko minne au mitano. Mizunguko mingine huipita kwa mikwaju mitatu, mitano, siku nyingine hata kumi. Mtu wa handikapu 18 akirudi na 94 kwenye kiwanja cha kawaida cha paa 72 (paa ni idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji mahiri), tunampa mkono. Amecheza mchezo wake. Vivyo hivyo kwa wale wanaocheza kwa pointi za Stableford, ambapo pointi nyingi ndizo nzuri, utaratibu ambao daktari Mwingereza Frank Stableford aliubuni na ukachezwa klabuni Wallasey mwaka 1932. Pointi 36 maana yake umeifikia handikapu yako sawasawa. Kwa hiyo anayeumia moyo kwa kupata 32 anaumizwa na matokeo ambayo mfumo wenyewe uliyatarajia.

Kuna jambo jingine ambalo handikapu hulifunika. Tuseme umepiga mikwaju 10 kwenye shimo la paa 4 ambapo unapewa mkwaju mmoja wa handikapu. Katika hesabu ya handikapu, shimo hilo litaingizwa kama 7: nne za paa, mbili za nyongeza, na mmoja wako. Kanuni hiyo ni ya haki, kwa kuwa inazuia shimo moja lisiharibu rekodi nzima ya mtu. Lakini ile mikwaju mitatu iliyofutwa uliipiga, na kwetu sisi walimu ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote. Ongeza na mpira wa pili wa bure pale shimo la kwanza, na yale mapigo mafupi ambayo marafiki wanakwambia "okota tu." Furahini hivyo, mchezo wa marafiki ni wenu. Ila alama inayopatikana kwa njia hiyo usiitumie kujipima.

Sasa, wengine wana uwezo gani? Marekani ndiko kwenye takwimu nyingi zaidi, na huko wastani wa handikapu kwa wanaume ni takriban 14, kwa wanawake takriban 28. Usikimbilie kujilinganisha na namba hizo. Wenye handikapu rasmi huko ni milioni tatu na ushee, wakati watu wanaocheza viwanjani wanapita milioni 25. Anayejiandikisha na kupeleka kadi zake kila wiki ni yule anayeupenda mchezo na kuucheza mara kwa mara. Umma wote uliobaki, kwa ujumla, uko nyuma yake. Mfumo wenyewe unalijua hilo, ndiyo maana unaruhusu handikapu hadi 54, yaani mikwaju mitatu ya nyongeza kwa kila shimo. Ukiweza kumaliza mashimo 18 kwa mikwaju 95, kila mkwaju umehesabiwa na kila mpira umeingia shimoni, wewe ni mchezaji mzuri wa burudani. Tunasema hivyo kwa dhati.

Televisheni inachangia sana kupotosha kipimo. Shindano la kawaida huanza na watu zaidi ya 100, na baada ya siku mbili takriban nusu yao hufungasha mizigo. Kamera huwafuata wanaoongoza wiki hiyo. Yule aliyepiga 77 akaondoka Ijumaa hutamwona, ingawa naye ni mtaalamu. Kwa hiyo unachokiona ni kilele cha wiki nzuri ya watu bora duniani, nawe unakichukua kama kawaida yao.

Chukua kuputi, yaani kusukuma mpira kuelekea shimoni ukiwa kwenye grini, ile sehemu laini inayozunguka shimo. Kutoka futi 8, karibu mita mbili na nusu, wataalamu wa PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya kulipwa wa Marekani, huingiza takriban nusu tu. Kutoka futi 20 huingiza kama mara moja katika saba. Mchezaji anayemaliza kwa 90 hufika hiyo nusu-kwa-nusu akiwa karibu futi 5 kutoka shimoni. Ukikosa pigo la futi 6, basi, huna sababu ya kubadilisha fimbo ya kuputi wala kubadilisha namna unavyosimama. Cha kufanyia kazi ni pigo la kwanza la mbali, lile la futi 30 au 40, liishie karibu ili la pili liwe jepesi. Mteja akitupa nusu saa ya kuputi, muda mwingi tunautumia hapo.

Hata hivyo, kuputi si mahali mikwaju mingi inapopotelea, ingawa wachezaji wengi huamini hivyo. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyechambua mikwaju ya wataalamu na ya watu wa kawaida, alionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji bora na dhaifu hutokana na mapigo ya zaidi ya yadi 100. Mwenzake wa chuo hichohicho, Lou Riccio, alitoa kanuni ambayo tunawapa wateja wote: chukua 95, toa mara mbili ya idadi ya grini ulizofikia ukiwa bado na mikwaju miwili ya kuputi. Ukifikia grini tatu kwa mzunguko mzima, unatarajiwa kumaliza na 89. Ukifikia nane, 79. Wataalamu wenyewe hufikia takriban 12 kati ya 18. Mwenye kiu ya kushuka chini ya 90, kazi yake ni grini tatu. Tatu tu! Tumeona watu wakipumua kwa mara ya kwanza baada ya kuisikia namba hiyo.

Na umbali? Vipimo ambavyo R&A imekuwa ikivichukua kwa wachezaji wa vilabu Uingereza vinaonyesha wanaume hupiga draiva, fimbo ya pigo refu zaidi, wastani wa takriban yadi 215, wanawake karibu yadi 150. PGA Tour ni karibu 300. Muulize mwanamume yeyote klabuni anapiga wapi, atakutajia 250, na hadanganyi: anakumbuka ule mpira mmoja ulioteremka mlima, ardhi kavu, upepo mgongoni. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayomchagulia fimbo. Akiwa yadi 150 kutoka kwenye grini huvuta ayani 7, fimbo ya masafa ya kati, kwa sababu siku moja iliwahi kufika. Wastani wake wa ayani 7 ni, tuseme, yadi 135. Mpira unadondokea kwenye banka la mbele, yaani shimo la mchanga, na lawama anaitupia mkono au bega.

Huku kwetu mahali nako kuna athari. Ukicheza Arusha, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, au Nairobi ambako ni juu zaidi, hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali. Umbali huohuo ukija nao kwenye viwanja vya Gymkhana au Lugalo hapa Dar, pwani na upepo wa kusi ukivuma, kila pigo litakuwa fupi. Kedi wako, yule anayekubebea mfuko wa fimbo, analijua hilo. Akikupa ayani 6, inayopiga mbali zaidi, wakati wewe umenyoosha mkono kutaka 7, ichukue. Makedi wetu wameona maelfu ya mipira ikitua kwenye grini zilezile, na wachezaji wengi wa kulipwa wa Tanzania na Kenya walianzia kwenye kubeba mifuko. Ushauri wao una thamani kuliko video nyingi za mtandaoni.

Kwa hiyo kabla ya somo la kwanza tunafanya tathmini. Tunacheza nawe mashimo tisa na hatukufundishi chochote. Tunaandika tu kila mkwaju ulianzia wapi na kuishia wapi. Kisha tunakwenda kwenye uwanja wa mazoezi na kifaa cha rada, unapiga mipira kumi kwa kila fimbo unayoitegemea. Hatufuti ile mibaya. Unaondoka na karatasi yenye umbali wako wa kawaida kwa kila fimbo, idadi ya grini ulizofikia, na mashimo yaliyokula mikwaju mingi pamoja na sababu yake: mpira uliopotea, banka, au kulazimisha pigo gumu katikati ya miti badala ya kurudisha mpira kwenye nyasi fupi. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayokutana nayo sana, na haihitaji ufundi mpya kuirekebisha.

Wakati mwingine tathmini inaonyesha huhitaji masomo kwa sasa. Tutakwambia. Pengine vishikio vya fimbo vimechakaa na kuteleza kwa jasho la Dar, na kuvibadilisha kutakusaidia zaidi ya mwezi mzima wa mafunzo.

Ukija, beba kadi zako kumi za mwisho, zikiwemo zile ulizotaka kuzichana. Njoo na fimbo unazochezea kweli, na ukiweza, njoo na kedi wako wa kila siku. Yeye hatumtozi kitu.