Karatasi yenu ya staha sijaitia sahihi: barua kwa vijana wa mdahalo

Wanangu mnaoandaa midahalo ya siasa hapa Mwanza,

Mwangaluka. Karatasi yenu ya kanuni za lugha ya staha kwenye mdahalo wa Jumamosi nimeipata. Mwenzenu alinikuta soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nasubiri dagaa wangu wapimwe, akanipa na kalamu kabisa: "Mzee, ni sahihi tu, wazee wenzako wameshatia." Nikamwambia aniachie nikaisome nyumbani. Nimeisoma mara tatu. Sahihi sitatia, na kwa kuwa mlinijia kwa heshima, mna haki ya kuelezwa sababu. Naandika hadharani kwa kuwa karatasi za namna hii zimekuwa nyingi siku hizi, si kwenu tu.

Mnakotoka nakujua. Baada ya yaliyotukuta kwenye uchaguzi wa Oktoba 2025, nani asiyetamani watu wapoe? Nina wajukuu wa rika lenu. Siku zile intaneti ilipozimwa nilikaa mlangoni kila jioni nikiwahesabu mmoja mmoja wanavyoingia. Kwa hiyo siwabezi hata kidogo.

Ila hebu isomeni tena hiyo karatasi. Ina kanuni 12. Tisa zinamhusu anayeuliza: asipaze sauti, asimkatize mgeni rasmi, asitumie maneno ya kuudhi, asinyooshe kidole, na kuendelea. Mbili ni za muda. Anayejibu mmemwekea moja tu, kwamba awe mvumilivu. Sikuona mahali palipoandikwa kwamba akiulizwa ni lazima ajibu.

Niwasimulie jambo nililoliona. Miaka michache nyuma, kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ambao sitautaja, uliitishwa mkutano wa ushuru. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha siku nne mfululizo. Anayejua dagaa anajua maana yake: wakilowa mchangani wanabadilika rangi, wanaanza kunuka, na mwishowe wanauzwa kwa bei ya kutupa wakawe chakula cha kuku. Mama mmoja alikuja na beseni lake. Zamu yake ilipofika alichota dagaa mkono mzima, akawainua juu, weusi, wameshikamana kama matope. Akasema, "Kila gunia mnachukua ushuru. Mwaka wa tatu huu mnatuambia vichanja vya kuanikia vinakuja. Viko wapi? Mnatufanya wajinga?"

Mwenyekiti akavuta kipaza sauti. "Mama, tunakuomba utumie lugha ya staha." Watu wakapiga makofi, na mimi nikiwemo. Yule mama akasema samahani, akawarudisha dagaa kwenye beseni, akajifuta mkono kwenye khanga, akakaa. Mkutano ukaendelea na ajenda. Vichanja havikutajwa tena mpaka tunafunga kwa dua.

Yale makofi yangu yananiuma hadi leo. Swali lake lilikuwa halali, na jibu lake lingekuwa la sentensi mbili. Tulichofanya ni kuacha swali na kukamata neno moja, "wajinga", tukalishikilia mpaka muda ukaisha. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi anaweza kuongea taratibu kuhusu mvua. Hana gunia mchangani.

Msidhani mambo haya yameanza juzi. Kuanzia 1954 mpaka 1958 serikali ya mkoloni ilikataa kuisajili TANU, chama kilichodai uhuru, huku kwetu Usukumani. Watu wetu waliitwa wachochezi, wavurugaji wa amani na utaratibu mwema. Mwaka huo wa 1958 watu wa Geita walikataa kuletewa baraza la wilaya la mseto wa rangi, Waafrika na Wazungu na Waasia pamoja, wakaja hapa mjini kusema hivyo. Marehemu baba alikuwa mmoja wao. Daraja la Kigongo–Busisi la kuvukia ziwa halikuwepo hata kwenye ndoto. Walivuka maji wakatembea. Waliambiwa warudi makwao wakafuate taratibu. Baba alikuwa akisema taratibu hizo walishazifuata, ndiyo maana wakaja kwa miguu. Polisi waliwatawanya, lakini baraza lile halikudumu. Mwaka huohuo Nyerere alishitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika Sauti ya TANU, jarida la chama, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Leo tunamwita Baba wa Taifa. Kwa karatasi yenu, asingepewa kipaza sauti.

Na mwana TANU alikuwa na ahadi yake, wazee wenzangu wanaikumbuka: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Kuhusu kuudhi mtu haikusema kitu.

Mtaniambia, bila kanuni za lugha watu watapigana. Wanangu, ninyi ni watoto wa Usukuma, au mmekulia hapa. Mmeshafika Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma? Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na ngoma yake. Manju, yule kiongozi wa waimbaji, anamwimba mpinzani wake wazi: uvivu wake, uchoyo wake, madeni yake, ng'ombe aliyeahidi na hakutoa. Maneno makali ambayo kwenu yangetolewa nje. Na yule aliyeimbwa hakimbilii kwa mzee kushitaki kwamba ameudhika. Anakwenda kutunga. Watazamaji nao wanahama kwa miguu yao, na upande utakaojaza watu ndio ulioshinda. Nimehudhuria tangu utotoni. Nilichokiona kinalinda amani pale ni kwamba kila aliyeimbwa ana nafasi ya kujibu, na kila aliyekuja ana uhuru wa kuhama. Mwenye kujibiwa hana haja ya fimbo.

Kuna jambo lingine linalonitia hofu kuhusu sahihi. Karatasi ya maadili huanza kama ombi, ikaishia kuwa mlango. Tarehe 12 Aprili 2025 vyama vilitia sahihi Maadili ya Uchaguzi. CHADEMA, chama cha upinzani waliokuwa wakidai mabadiliko kabla ya uchaguzi, hawakutia, na Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba hawatashiriki. Aliyekuwa sahihi katika hilo mbishane wenyewe. Mimi nawauliza ninyi: asiyetia sahihi karatasi yenu, ataruhusiwa kuuliza swali Jumamosi? Aliyeileta nilimuuliza. Akasema, "Hilo bado hatujalijadili, mzee."

Sisemi kila kitu kiachwe. Anayetishia mtu kumtoa roho, mtoeni nje hapohapo. Anayeleta ukabila, vilevile. Na anayemwuliza mgombea mwanamke amelala na nani badala ya kumwuliza sera yake, huyo msimpe hata nusu dakika. Nimeona akina mama wazuri wakiacha siasa hapa Mwanza kwa sababu ya watu wa aina hiyo, wakati wenye vyeo wakicheka chinichini. Hayo ni matatu, yanaenea kwenye kipande cha boksi. Hasira si mojawapo.

Kama mnataka kanuni ya nne, iwe hii: swali liandikwe ubaoni kama lilivyoulizwa, kwa maneno ya muulizaji, na lisifutwe mpaka lijibiwe. Mgeni rasmi akiondoka bila kujibu, libaki pale mdahalo unaofuata, na jina lake pembeni.

Karatasi nawarudishia kwa huyohuyo kijana. Nyuma yake nimeandika swali la yule mama, pamoja na lile neno lililotukera. Nilimtafuta wiki iliyopita; bado anaanika mchangani. Jumamosi nitakuja naye. Mtuwekee viti viwili mbele, na chaki.

Mzee wenu, Kirumba