Barua kutoka ghorofa ya nne

Jumatatu, usiku

Shoga yangu Rehema,

Salamu ni nyingi ila leo nazifupisha, nina dukuduku na sitaki kulala nalo. Nimefika salama, sanduku limefika, mgongo tu ndio umebaki ngazini. Wasalimie wote hapo, na wifi yako pia (ukipenda).

Kwanza hilo la tiketi. Zote mbili ulizitoa kwenye karatasi moja. Treni imeondoka saa 1 na dakika 40, sijavua hata viatu, mkaguzi huyu hapa. Kasoma: abiria wawili. Katazama kiti kilichoelekeana na changu. "Mwenzako?" Rehema, sijui shetani gani alinishika ulimi, nikasema yuko chooni. Chooni! Mtu mzima mimi. Akatoboa karatasi akaenda zake. Stesheni mbili mbele karudi, kakitazama kile kiti, kanitazama mimi, kauliza taratibu kama mwenzangu hajambo. Nikamwambia tumbo linamsumbua. Safari iliyobaki nilikuwa namkwepa kama mtu ananidai.

Na kiti chako ndicho kilichoangalia mbele. Mimi nikajitia kukutunzia, nikakaa changu kinachokwenda kinyumenyume. Unanijua: macho yakiwa kwenye meza iliyotulia na masikio huku ndani yanahisi mwendo, lazima nichafukwe. Nimevumilia karibu saa nzima, nikahamia kwako. Kichefuchefu kikaisha, lakini sasa kiti kitupu nilichokuwa nakitazama kikawa changu. Ikawa kama mimi ndiye niliyeghairi.

Habari ya kubadilisha treni kwa dakika 9, na gurudumu la sanduku lililochomoka katikati ya ngazi, naiacha. Hiyo mpaka tuonane.

Sasa mlangoni. Ufunguo umo kwenye kisanduku cha namba kando ya mlango, na namba alitumiwa nani? Wewe, uliyepanga. Nami simu imezima. Nimekaa juu ya sanduku ghorofa ya nne, taa ya ngazi inawaka nikijitikisa na kuzima nikitulia, mpaka jirani akatoka kumwaga taka akanihurumia, akaniazima chaja. Nikakupigia, kimya. Nikakuandikia. Baada ya nusu saa ukajibu: tarakimu nne. Basi. Hata "pole" hukuweka, hata nukta. Nimefungua mlango huku bado natazama simu, nikidhani labda unaendelea kuandika.

Nyumba yenyewe nzuri, sikufichi. Ila kufungua choo tu, harufu ikanipokea! Nikajua tumeibiwa. Nimepekua kila kona kabla sijakumbuka yale ya fundi wenu: chini ya tundu la sakafuni bomba limepinda, na pale kwenye pindo hutuama maji yanayozuia hewa ya mfereji isipande. Nyumba ikikaa wiki nyingi bila mtu, yale maji hukauka, njia ikawa wazi. Nimemimina ndoo moja, nikafungua dirisha, baada ya muda kimya. Ndoo moja tu! Na mimi nilishaanza kutunga matusi ya kumwandikia mwenye nyumba.

Jiko nalo ni lile la kioo la sumaku. Nikaweka kisufuria changu cha alumini, kile mnachonichekea kwamba nasafiri nacho kama mtoto na mwanasesere. Jiko likalia mara tatu likazima. Halikitambui. Kinachokubalika humu ni kikaango kimoja cha chuma, kwa hiyo chai nimeichemshia kwenye kikaango, nikaimimina kikombeni kwa kijiko. Nusu imekwenda mezani.

Vitanda viwili. Taulo mbili zimekunjwa juu ya kila kimoja. Chako sijakigusa, nimeweka tu ile kanga yako uliyoisahau kwangu, isije ikakunjamana sandukuni.

Lakini zile tarakimu nne, Rehema. Nimezisoma mara ngapi sijui. Ulikuwa na watu? Au ni lile neno nililolisema jikoni kwa Mwanaidi? Maana nililisema kwa mzaha, na wewe ukacheka, tena ulicheka wa kwanza. Au hukucheka? Mama mkwe kweli kaugua ghafla usiku ule ule, au umemuugulisha wewe? Sikushutumu, nauliza tu. Anaendeleaje lakini? Na tiketi yako, umeuliza kama wanakubali kuibadilisha siku? Alhamisi unaweza? Nyumba ni yetu mpaka Jumatatu ijayo, na mimi peke yangu naongea na bomba.

Namba ya kisanduku unayo. Ufunguo nitaurudisha humo kila nikitoka.

Wako,
Saumu

Ukija, njoo na sufuria ya chuma. Ijaribu kwanza kwa ile sumaku ya mlango wa friji yako, isiponata, iache.