Mashine Haikukosea, Ilipima Embe

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile taarifa yenu ya upimaji wa bure wa kisukari sokoni imenishinda kunyamazia. Mliisifia idadi ya waliodungwa vidole kwa siku moja kana kwamba ni magunia ya mahindi yaliyopita mizanini, wala hamkuuliza kama vidole hivyo vilikuwa vimenawa.

Nauliza kwa kuwa yamenikuta. Msimu uliopita wa maembe, nikiwa soko la Kibuye hapa Kisumu, nilimmenyea mjukuu wangu embe, kisha tukapita kwenye hema la aina hiyo. Kijana mwenye fulana mpya alinishika mkono, akanidunga kidole kile kile kilichokuwa bado kinanata, na glukomita, yaani mashine ya kupimia sukari, ikasoma 15.2 (milimoli kwa lita, kama namba zangu zote za sukari humu). Alitangaza kwa sauti iliyowafikia wauza dagaa ng'ambo ya njia: "Mzee, sukari yako imepanda vibaya!" Mimi naishi na ugonjwa huu tangu 2009, na asubuhi hiyo nilikuwa nimejipima nyumbani nikapata 6.3. Niliomba maji ya kunawa, nikaambiwa hakuna. Nilinunua chupa ya maji, nikanawa, nikajikausha kwa leso, nikarudi kwenye foleni. Safari hii ikasoma 7.1. Kijana akasema mashine imekosea. Haikukosea hata kidogo, ilipima embe.

Mimi niliijua sukari yangu, lakini je, yule mama aliyekuwa mbele yangu, ambaye aliondoka ameshika karatasi yenye namba na hofu usoni? Mtu anayejidunga insulini akiongeza dozi kwa kuamini namba ya uongo, sukari yake inaweza kushuka chini ya 4 akazirai njiani, na hakuna atakayelilaumu hema. Tena mkebe wa vijiti vya kupimia ulikuwa wazi mezani juani tangu nifike hadi niondoke, ilhali vijiti hivyo huharibiwa na joto na unyevu, na mingi ya mikebe hiyo imeandikwa isihifadhiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, ambazo Kisumu huzipita mchana bila jasho. Hata glukomita iliyotunzwa vyema inaruhusiwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha 2013 kupotoka kwa asilimia 15 juu au chini sukari inapokuwa 5.6 au zaidi, yaani 10 yako huenda ikasomwa 8.5 au 11.5. Ndiyo maana ugonjwa huthibitishwa kwa damu ya mshipa maabarani, nayo 7.0 au zaidi kabla ya kula hurudiwa siku nyingine ikiwa mtu hana dalili. Na kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, ambacho mwandishi wenu alikiita suluhisho la yote, humdanganya mgonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa kuwa chembe zake nyekundu za damu hufa kabla ya kutimiza zile siku 120 za kawaida. Kanda hii yetu ya ziwa ina selimundu nyingi, na sikuona neno hata moja kuihusu.

Na hiyo maabara yenyewe? Tunaagizwa tuje bila kula, tunafika saa kumi na mbili asubuhi, na dirisha linafunguliwa saa tatu na nusu, wakati ambapo wazee tuliomeza dawa zetu kwa mazoea tumeanza kutetemeka kwenye benchi.

Napendekeza kila hema liwe na mtungi wa lita 20 wenye bomba, kipande cha sabuni, taulo za karatasi, na bango la NAWA KWANZA lenye herufi kubwa kuliko jina la mfadhili. Fedha zikipungua, basi zipunguzwe fulana. Mtungi ninao nyumbani na niko tayari kuuazima, mradi urudishwe na kifuniko chake.

Mwalimu mstaafu,
Kisumu