Mwanangu, Kiajemi usikiache

Mwanangu mpenzi,

Huku Tanga hatujambo, ila goti la baba yako ndiyo lile lile.

Nimeusikiliza ujumbe wako. Unataka kuacha somo la Kiajemi, tasnifu ya uzamili uiandike kwa tafsiri za Kiingereza, umalize mapema. Mimi sikubali.

Mada umeichagua mwenyewe: Omar Khayyam, yule mshairi wa Uajemi, alivyoingia kwenye Kiswahili. Sasa itazame njia aliyopita. Shaaban Robert hakutafsiri kutoka Kiajemi, alitafsiri Kiingereza cha Edward FitzGerald, kilichochapishwa mwaka 1859 bila jina la mfasiri. Na huyo FitzGerald naye aliufuata moyo wake. Rafiki yake Edward Cowell ndiye aliyemfundisha Kiajemi na kumnakilia rubai, yale mashairi mafupi ya Khayyam, kutoka muswada wa maktaba ya Bodleian, Oxford. Muswada ule una rubai 158, zimepangwa kwa alfabeti ya vina, kila moja inajitegemea. FitzGerald akaziponda pamoja, na mwenyewe alilikiri hilo kwenye barua zake, akatoa beti 75 zinazokwenda kama siku moja, kuanzia macheo mpaka mwezi unapochomoza. Mpango huo ni wake, si wa Khayyam.

Basi ukikutana na ubeti mtamu kwa Kiswahili utamsifu nani? Na ukikutana na ubeti uliopinda utamlaumu nani? Bila Kiajemi utamtoza Shaaban Robert deni la Mwingereza, na mtahini mwenye macho ataliona hilo ukurasa wa kwanza.

Halafu kuna mambo ya sikio. Rubai ni mishororo minne: wa kwanza, wa pili na wa nne vina vinafanana, wa tatu kwa kawaida huachwa huru. Msikilizaji anangojea kina pale kwenye wa tatu, anakikosa, ndipo wa nne unamtimizia. Hilo FitzGerald alilibeba vizuri, nampa haki yake. Mizani ndiyo iliyobaki nyuma. Sisi tunahesabu silabi, Waajemi wanapanga silabi ndefu na fupi, na Kiingereza kinatembea kwa mkazo. Usome kwa sauti, mwanangu, hayo hayaonekani kwa macho.

Unalalamika kwamba Kiajemi ni kigumu. Herufi unazo tangu chuoni kwa maalim. Waajemi wameongeza nne tu kwenye zile za Kiarabu, na mojawapo ni ya *p*, ambayo waandishi wetu wa zamani mara nyingi waliikosa wakaandika *b*. Tena pale SOAS, chuo cha London, kuna mkusanyo wa mmisionari Taylor wenye mashairi ya Muyaka, mshairi wetu wa Mombasa, kwa hati ya Kiarabu. Ukichoka na Khayyam omba uuone. Miswada yetu ya zamani mara nyingi haitofautishi *e* na *i*, wala *o* na *u*, asiyekijua Kiswahili atakwama hapo hapo. Wewe hutakwama. Kwa Kiajemi unataka kuwa yule anayekwama?

Zungumza na msimamizi wako, umwombe muda zaidi. Ada ya nyongeza ikiwepo, pata kwanza hesabu kamili ndipo utuambie, maana baba yako akisikia neno ada ataanza kuwapigia madalali simu, na kile kiwanja cha Pongwe mimi sijasema kinauzwa.

Mama yako